Israel Aharoni

Israel Aharoni (1882 - 1946) alikuwa mwanazoolojia Myahudi aliyefanya kazi Palestina, kwanza wakati wa Milki ya Osmani na baadaye chini ya utawala wa Uingereza. Nchini Israeli anakumbukwa kama mwanazoolojia wa kwanza wa lugha ya Kiebrania, kwa sababu aliwapa wanyama wengi wa nchi ile majina yanayotumika hadi leo. Kwingineko anajulikana hasa kwa jambo moja: mwezi wa Aprili 1930 alichimbua karibu na mji wa Aleppo, Syria, hamsta jike na watoto wake. Karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa leo majumbani na katika maabara za dunia wametokana na watoto wa shimo hilo moja.

Asichanganywe na Aaron Aaronsohn, mtaalamu wa mimea wa zama zilezile na wa nchi ileile, aliyesifika kwa kugundua ngano ya porini mwaka 1906. Majina yao yanafanana na wote wawili walizunguka Shamu wakikusanya vielelezo, hivyo vitabu huwachanganya mara kwa mara.

Maisha ya awali

Aharoni alizaliwa katika mji mdogo wa Widze, uliokuwa sehemu ya Milki ya Urusi na leo uko Belarus. Alisoma Praha, alikojifunza zoolojia pamoja na lugha za Kisemiti. Mchanganyiko huo wa masomo si wa kawaida, lakini ndio unaoeleza kazi yake yote ya baadaye: alitaka kumjua mnyama mwenyewe, na pia kujua aliitwaje na watu wa kale na anaitwaje na wakulima na wachungaji wa sasa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alihamia Palestina. Huko alifanya kazi ya ualimu, miongoni mwa mahali pengine huko Rehovot, akawa anatumia nafasi aliyopata kusafiri na kukusanya wanyama. Wakati huo hapakuwa na chuo kikuu cha Kiebrania wala makumbusho yenye makusanyo ya maana ya wanyama wa nchi hiyo. Wataalamu waliowahi kuwaeleza wanyama wake walikuwa wageni kutoka Ulaya waliopita na kurudi kwao. Aharoni alikuwa mkazi.

Kazi ya kukusanya wanyama

Safari zake zilimfikisha mbali na nyumbani, hadi majangwa ya Syria na kingo za mto Frati. Kwa miguu, kwa farasi na kwa ngamia, msafiri wa aina hiyo alihitaji ulinzi. Aharoni aliupata kutoka kwa watawala wa Kiosmani, ambao aliwakusanyia vipepeo. Vielelezo vingine alivipeleka kwa wataalamu wa Ulaya.

Ndege walimvutia sana. Mwaka 1911 alichapisha kwa Kijerumani habari za mahali pa kuzalia pa kwarara kipara wa kaskazini katika jangwa la Syria. Ndege huyo baadaye alidhaniwa kuwa ametoweka kabisa Syria, mpaka kundi dogo lilipoonekana tena karibu na Palmyra mwaka 2002. Walipofungiwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti ilionekana kwamba huhamia nyanda za juu za Ethiopia wakati wa baridi. Aharoni alikusanya pia vielelezo vya mbuni wa Uarabuni, nususpishi iliyotoweka katika karne hiyohiyo. Basi mtu huyu alifanya kazi wakati wa mwisho kabisa ambapo baadhi ya wanyama hao bado waliweza kupatikana.

Masimulizi ya safari zake yanamwonyesha kama mtu asiye shujaa wa kawaida wa jangwani. Aliogopa, alilalamika kuhusu shida za njiani, na hata hivyo alirudi tena na tena.

Majina ya Kiebrania

Kiebrania kilikuwa kinafufuliwa kama lugha ya mazungumzo ya kila siku, na walimu walikutana na tatizo: wangewaambia watoto nini walipomwona ndege au panya asiye na jina? Biblia inataja wanyama wengi, lakini mara nyingi haijulikani kwa hakika ni wanyama gani. Aharoni alilinganisha maandiko ya kale, majina ya Kiarabu ya wenyeji na wanyama alioweza kuwashika mkononi. Pale ambapo hapakuwa na jina la kale alibuni jipya.

Hamsta ni mfano mzuri. Kwa Kiebrania anaitwa oger, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kukusanya na kuweka akiba. Kiarabu cha Syria kilishamwona mnyama huyu kwa jicho lilelile, kwa kuwa jina lake huko linamhusisha na shogi, yaani mifuko inayoning'inizwa pande mbili za mgongo wa punda.

Sababu ni mifuko miwili ya ngozi iliyo ndani ya mashavu yake, inayofika hadi mabegani. Hamsta huijaza nafaka mpaka kichwa chake kinaonekana kipana kuliko kiwiliwili, kisha huenda kuimwaga ghalani mwake chini ya ardhi. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wanaweza kumfikiria panya buku, ambaye pia hubeba chakula mashavuni. Jina la kisayansi la jenasi ya panya buku, Cricetomys, limeundwa kutokana na jina la hamsta, ingawa wanyama hao wawili si wa familia moja.

Hamsta wa Aleppo kabla ya 1930

Mnyama huyu hakugunduliwa na Aharoni. Alexander Russell, daktari Mskoti aliyeishi Aleppo katikati ya karne ya 18, aliandika kitabu kikubwa kuhusu mji huo na mazingira yake. Katika toleo la pili la 1794, lililotayarishwa na ndugu yake Patrick Russell, hamsta anaelezwa, pamoja na jinsi mashavu ya mmoja aliyepasuliwa yalivyokutwa yamejaa maharagwe yaliyopangwa vizuri. Hata hivyo akina Russell walimdhania kuwa ni hamsta wa Ulaya.

Mwaka 1839 Mwingereza George Robert Waterhouse aliona katika ngozi moja iliyotoka Aleppo kwamba hii ni spishi nyingine. Aliipa jina la Cricetus auratus, yaani hamsta wa dhahabu, kwa ajili ya rangi ya manyoya yake. Leo jina la kisayansi ni Mesocricetus auratus. Mnamo 1880 James Skene, aliyekuwa konsuli wa Uingereza, alipeleka hamsta hai Uskoti, na kizazi chao kilidumu huko hadi karibu mwaka 1910 kikafa chote. Kwa hiyo miaka ishirini baadaye hapakuwa na hamsta wa dhahabu hata mmoja aliyefugwa popote. Alibaki kuwa ngozi chache makumbushoni na kiumbe cha mashambani kilichojulikana na wakulima wa Aleppo tu.

Ombi la Saul Adler

Sababu ya safari ya 1930 ilikuwa ugonjwa. Saul Adler, mtaalamu wa vimelea katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, alikuwa akichunguza lishmania, vimelea vinavyoenezwa na usubi. Aina moja ya ugonjwa wao huharibu wengu na ini, nayo ni kala-azar, ambayo inajulikana vizuri hata leo katika maeneo makavu ya Kenya kama vile Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, na ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda. Bila dawa mgonjwa wa kala-azar kwa kawaida hufa.

Adler alihitaji mnyama mdogo ambaye angeambukizwa vimelea hivyo. Hamsta wa China alifaa, lakini Adler hakufaulu kumzalisha Yerusalemu, na kila mara alilazimika kuagiza wengine kutoka China. Ingekuwa rahisi zaidi kupata hamsta wa karibu. Alimwomba Aharoni, ambaye alikuwa tayari na hamu ya kumwona mnyama huyu wa dhahabu aliyesoma habari zake.

Shimo katika shamba la ngano

Syria wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa. Aharoni alimchukua mwongoza njia wa huko, Georgius Khalil Tah'an, ambaye alikuwa amewahi kuwaona hamsta. Yeye alizungumza na sheikh wa kijiji, na sheikh akawakusanya watu wake, akawapa wageni vibarua wa kuchimba. Ni haki kusema kwamba bila Khalil na wakulima hao Aharoni asingepata chochote, kwa maana wao ndio waliojua mashimo ya hamsta yako wapi.

Tarehe 12 Aprili 1930 walichimba katika shamba la ngano. Waliharibu sehemu kubwa ya mazao kabla ya kufika kwenye kiota. Ndani yake walimkuta hamsta jike na watoto kumi na mmoja. Inasemwa kwamba shimo lilikuwa na kina cha karibu mita 2.5. Kipimo hiki kinafaa kupokelewa kwa tahadhari, kwa sababu watafiti wa baadaye waliochimba mashimo mengi ya spishi hii walikuta wastani wa sentimita 65 tu, na hata yale ya kina kirefu hayakuzidi sana mita moja.

Mama na watoto waliwekwa pamoja katika sanduku. Aharoni alitarajia kwamba jike angeendelea kuwanyonyesha. Badala yake alimkamata mtoto wa kwanza aliyemkaribia akamng'ata kichwa. Kwa hofu ya kupoteza wote, wawindaji walimtoa na kumwua kwa sianidi, sumu ambayo wakusanyaji wa wadudu huibeba chupani. Leo inajulikana kwamba jike la hamsta aliyesumbuliwa akiwa na watoto wadogo huweza kuwaua, na wafugaji wanaonywa wasimguse siku za kwanza. Mwaka 1930 hapakuwa na mtu wa kumwonya Aharoni.

Wakabaki watoto kumi ambao macho yao yalikuwa hayajafumbuka. Aharoni na mke wake waliwalea kwa mikono yao, na walifaulu. Halafu wanyama walitoroka nyumbani, wakatafutwa kila pembe, na tisa walipatikana.

Mlima Scopus

Hamsta hao tisa walikabidhiwa kwa Hein Ben-Menachen, msimamizi wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Kiebrania kwenye Mlima Scopus. Aliwaweka katika kizimba chenye sakafu ya mbao. Meno ya hamsta hayaachi kukua, na kuguguna mbao ni kazi yao ya kila usiku: kesho yake watano walikuwa wametoboa na kukimbia, nao hawakuokolewa. Ben-Menachen alisikitika sana.

Walibaki wanne. Hamsta wazima hawavumiliani, hivyo kuwakutanisha dume na jike kulikuwa kujihatarisha kumpoteza mmoja wao. Ben-Menachen alitengeneza kizimba kikubwa cha waya, akakishindilia nyasi kavu kiasi kwamba wanyama walilazimika kujichimbia njia ndani yake kama wanavyofanya ardhini. Walipokutana katika giza la vichuguu hivyo walipandana bila kuuana.

Mimba ya hamsta wa dhahabu huchukua siku 16 hivi, mojawapo ya muda mfupi kabisa miongoni mwa mamalia wenye kondo. Watoto ni wengi, nao wenyewe huweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi michache tu. Ndani ya mwaka mmoja wale ndugu wa tumbo moja walikuwa wamegeuka kundi la wanyama wapatao 150.

Kuenea duniani

Adler alipata wanyama wake na mwaka 1931 yeye na wenzake walikuwa tayari wanachapisha matokeo ya kwanza: hamsta wa dhahabu aliambukizwa lishmania kwa urahisi. Hata sasa yeye ni mmoja wa wanyama wanaotumiwa zaidi katika utafiti wa kala-azar, kwa kuwa ugonjwa humwenda karibu kama unavyomwenda binadamu.

Adler hakutaka kundi lote liwe mahali pamoja. Mwaka uleule wa 1931 alichukua hamsta wachache hadi Uingereza, na inasimuliwa kwamba aliwavusha wakiwa mifukoni mwa koti lake. Aliwakabidhi kwa Edward Hindle wa Shirika la Zoolojia la London. Kutoka huko walienea Ulaya, na mwaka 1938 walifika Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hamsta akawa kipenzi cha watoto: ni mdogo, hana kelele, na chakula chake ni punje chache.

Hao mamilioni ni wa ukoo mwembamba mno. Watafiti waliolinganisha wanyama wa kufugwa na wale wa porini wamekuta tofauti ndogo sana za kurithi miongoni mwa wale wa kufugwa. Ndiyo sababu wengine walirudi Syria baadaye. Mmarekani Michael Murphy alikamata hamsta hai karibu na Aleppo mwaka 1971, na miaka ya 1997 na 1999 kikundi cha Rolf Gattermann, kutoka Chuo Kikuu cha Halle nchini Ujerumani, kiliwatafuta Syria na upande wa Uturuki na kuanzisha ukoo mpya.

Miaka ya mwisho

Aharoni aliendelea kuishi na kufanya kazi Palestina, akihusiana na Chuo Kikuu cha Kiebrania. Aliandika vitabu vya zoolojia kwa Kiebrania, na katika miaka ya 1940 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kama mwanazoolojia wa Kiebrania. Habari nyingi za safari ya Aleppo zimetoka katika kitabu hicho. Alifariki mwaka 1946, kabla hamsta hajawa maarufu katika nyumba za watu wa Ulaya na Marekani.

Hamsta katika makazi yake ya asili

Umaarufu wa mnyama wa kizimbani umeficha hali ya yule wa porini. Hamsta wa dhahabu anaishi mahali pamoja tu duniani, yaani uwanda wa juu wa Aleppo, kaskazini mwa Syria, na kipande cha Uturuki kinachopakana nao. Eneo lote linakadiriwa kuwa chini ya kilomita za mraba 15,000. Ni nchi yenye rutuba iliyolimwa kwa maelfu ya miaka, yenye kiangazi cha joto kali na majira ya baridi ambapo hamsta hulala usingizi mzito chini ya ardhi.

Kikundi cha Gattermann kilikuta mashimo mengi katika mashamba, hasa ya jamii ya kunde kama vile dengu, na pia ya nafaka. Kila shimo lilikuwa na mnyama mzima mmoja tu. Kwa kawaida kuna mlango wa wima, halafu kiota, ghala moja au zaidi, na mahali pa kukojolea palipotengwa na vyote hivyo. Anayemfuga hamsta nyumbani humwona akifanya mambo yaleyale ndani ya sanduku la plastiki.

Jambo moja lakini limewashangaza wataalamu. Hamsta wa kufugwa ni mnyama wa usiku, na kila kitabu kilisema hivyo. Uchunguzi uliofanywa kusini mwa Uturuki na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba majike wa porini hutoka karibu mchana tu, yaani asubuhi na tena kabla ya jua kuzama. Kwa zaidi ya miaka sabini maabara zilikuwa zikitumia hamsta kuchunguza saa ya mwilini bila mtu kwenda kutazama saa yake halisi shambani.

Kwa wakulima wa Aleppo hamsta ni mharibifu. Ghala lake hujazwa kwa mavuno yao, na sheikh aliyemruhusu Aharoni kuchimba ngano huenda hakuwa na huruma kubwa kwa mnyama huyo. Sumu za panya, mitego, kilimo cha mashine na miji inayopanuka vimempunguza. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) umemweka katika orodha ya spishi zinazotishiwa. Tangu 2011 vita vya Syria, ambavyo Aleppo iliteseka sana, vimefanya uchunguzi wa upande huo kuwa mgumu, na kwa muda mrefu habari nyingi mpya za hamsta wa porini zimetoka katika mashamba yaliyo upande wa Uturuki.